Pedali za distoshani kwa gitaa zito: RAT, HM-2, Metal Zone na Revv G3 kwenye nyuzi za chini

Swali la kwanza ambalo karibu kila mpiga gitaa huuliza anapotafuta pedali ya muziki wa metali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa, ni ipi yenye geini nyingi zaidi, yaani inayoikuza sauti kwa nguvu zaidi. Naomba tuliweke kando mapema. Pedali zote nne ninazozizungumzia hapa zina geini ya kutosha na kubaki. Zinapoachana ni kwenye sauti za chini: pedali inazifanyia nini kabla ya kuzikata, na inakurudishia nini baada ya kuzikata. Kwa anayepiga rifu nzito, hapo ndipo panapoamuliwa kama watu watasikia noti ulizopiga au watasikia ngurumo tu.

Napiga gitaa la ridhimu katika bendi yenye magitaa mawili, besi na dramu. Tumeshusha nyuzi hadi B, nusu-toni tano chini ya E ya kawaida. Gitaa langu lina hambaka, yaani pikapu za koili mbili, na nyuzi nene. Pedali zote nimezipiga kwenye amplifaya ileile ya valvu, chaneli safi, na boksi lilelile lenye spika mbili za inchi 12. Nilizisikiliza kwanza nikiwa peke yangu, halafu bendi nzima ikipiga, na majibu ya chumbani hayakufanana na majibu ya mazoezini. Niliyoyapa uzito ni ya mazoezini.

Ili maelezo yangu yaeleweke, lazima nieleze kwanza kinachotokea ndani ya pedali yenyewe. Distoshani ni kukata. Wimbi la umeme kutoka kwenye gitaa linakuzwa mpaka linagonga dari, na kwenye pedali nyingi dari hiyo inawekwa na diodi. Diodi za silikoni hukata karibu na volti 0.6. Za LED hukata juu zaidi, nyekundu karibu na volti 1.7, ndiyo maana huacha nafasi kubwa na sauti hutoka wazi na kwa nguvu zaidi. Vilele vikishakatwa, wimbi linaanza kukaribia umbo la mraba, na hapo zinazaliwa hamoniki, zile sauti za juu ambazo hazikuwemo kwenye uzi kwa wingi huo. Mpaka hapo ni raha tupu. Shida inaanza noti mbili zinapokatwa kwa pamoja, kwa sababu hazibaki mbili. Zinazaa noti nyingine kwenye jumla ya masafa yao, na nyingine kwenye tofauti yao.

Chukua kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ya noti mbili: A ya hezi 110 (mitetemo 110 kwa sekunde) na E iliyo juu yake, hezi 165 hivi. Tofauti yao ni 55, nayo ni A vilevile, oktavu moja chini. Kodi inakuwa kubwa kuliko vidole viwili vilivyoishika, na metali yote imejengwa juu ya zawadi hiyo. Sasa ingiza C# katikati yao, hezi 138.6. Kutoka A hadi C# ni 28.6, kutoka C# hadi E ni 26.2. Hizo mbili hazipatani, zinasukumana, na kinachotoka kwenye spika ni tope linalotetemeka. Kodi ileile ambayo kwenye gitaa safi ni tamu, kwenye geini kubwa haifai kabisa.

Shuka na mimi hadi B. Uzi unatetema karibu na hezi 62, na F# inayouandama iko kwenye 92.5. Tofauti ni hezi 31 hivi. Spika ya gitaa ya inchi 12 haiwezi kuitoa sauti hiyo ipasavyo. Inachofanya ni kusukumwa mbele na nyuma bure huku noti inayofuata ikisubiri zamu. Fundi wa pedali anayeijua kazi hii hupunguza besi kabla ya diodi ili zisizalishe tope, kisha huirudisha baada ya diodi ili mwili wa sauti ubaki. Kila nitakachosema kuhusu pedali hizi nne kinatokana na jambo hilo moja.

Naanza na ProCo RAT kwa kuwa ndiyo ya zamani kuliko zote, iliyozaliwa Kalamazoo, Michigan, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ina nobu tatu: Distortion, Filter na Volume. Filter inakwenda kinyume na mazoea. Ukiizungusha kulia sauti za juu zinafifia, ukiirudisha kushoto zinafunguka, na asiyelijua hilo anaweza kuirudisha dukani akidhani ni mbovu. Ndani ya RAT za zamani kuna chipu ya LM308, ambayo huchelewa kufuata mabadiliko ya haraka. Geini ikipanda, sauti za juu kabisa zinaishinda, na badala ya kukwaruza zinalainika. Watu wanaozitafuta RAT za zamani wanaitafuta chipu hiyo.

Nikipiga rifu za polepole, kodi zinazoachwa zilie mpaka zife zenyewe, hakuna kati ya hizi nne inayonipa furaha kama RAT. Sauti za kati zimejaa, kuna ukungu mzuri pembeni mwa kila noti, na nikishusha volume ya gitaa inasafika vizuri kuliko unavyotarajia. Sunn O))), bendi inayopiga polepole kuliko karibu kila mtu, ilishirikiana na EarthQuaker Devices ya Akron, Ohio, kutengeneza Life Pedal, na moyo wa pedali hiyo ni sakiti ya RAT ya zamani iliyoongezewa oktavu ya juu na busta. Wanajua wanachokitafuta. Lakini kwenye rifu za haraka, zile za kuzima nyuzi kwa kiganja, uzi wa B ndani ya RAT haukatiki. Mkono unapiga noti nne, sikio linapokea moja ndefu. Ukipandisha Distortion kutafuta ukali zinazidi kushikana. RAT haipunguzi besi vya kutosha mlangoni kwa nyuzi zilizoshushwa kiasi hiki. Kwenye E ya kawaida inakwenda vizuri, na kwenye D bado inavumilika.

Boss HM-2 ni habari nyingine. Ilitoka mwaka 1983 ikiitwa Heavy Metal, ikaacha kutengenezwa mwaka 1991, na katikati ya hapo vijana wa Stockholm, Uswidi, waliigeuza kuwa sauti ya nchi nzima. Bendi za Entombed na Dismember zilirekodi kwenye studio ya Sunlight chini ya prodyusa Tomas Skogsberg, na mpangilio uliobaki kwenye historia ni rahisi kuukumbuka: nobu zote nne, Level, Color Mix mbili (L na H) na Dist, kulia mpaka mwisho. Sauti hiyo inaitwa msumeno wa mashine duniani kote, na jina limeikaa.

Siri iko kwenye Color Mix. Nobu ya H haipandishi sauti za juu kwa jumla kama trebo ya kawaida. Inainua kilima chembamba karibu na hezi 1,000, mahali ambapo mafundi wengi wa sauti hupunguza kwa sababu panachoma. Nobu ya L inainua chini, karibu na hezi 90. Ukizifungua zote mbili unapata vilima viwili na bonde kati yao. Piga kodi ya B ukaiache: kwanza unasikia mguno mzito, halafu juu yake inakuja chembechembe kavu, inakwaruza, inabaki pale pale hata noti inapokufa. Kwenye bendi, kilima cha hezi 1,000 kinatoboa dramu na matoazi na kila kitu. Sijawahi kupotea ndani ya mchanganyiko wa sauti nikiwa na HM-2.

Mwaka 2021 Boss waliirudisha kama HM-2W katika mfululizo wa Waza Craft, ikiwa na swichi ya kuchagua sauti ya asili au Custom yenye mwili mnene zaidi. Ningemshauri mtu aichukue hiyo badala ya kuhangaika na ya zamani, isipokuwa moyo wake uko kwenye vitu vya kale. Ukiinunua ya zamani, angalia chini yake. Ikiandikwa ACA, iliundwa kwa adapta ya zamani ya Boss ambayo voltiji yake ni kubwa kuliko 9, na ukiipa adapta ya kisasa ya volti 9 taa yake itafifia na sauti itakosa nguvu. Taa kufifia si ugonjwa.

Nampa ushauri huu anayeitaka HM-2: itake kwa sababu unataka sauti hiyo hasa. Haina ya pili. Ukiishusha H inakuwa ya kawaida na kuna nyingine nyingi zinazofanya ukawaida huo vizuri zaidi. Kama bendi yako ina magitaa mawili, nadhani inapendeza zaidi gitaa moja likiwa na HM-2 na jingine likiwa na kitu chenye sauti za kati laini, kwa sababu viwili vilivyokwaruza mahali pamoja vinachosha masikio kabla ya wimbo wa tatu.

Sasa Metal Zone. Boss MT-2 ilitoka mwaka 1991, na Boss wenyewe wanasema wameuza zaidi ya milioni moja. Pia ni pedali inayosemwa vibaya kuliko zote ninazozijua. Wanasema inavuma kama nyuki, inasikika ya plastiki, ni ya wanaoanza. Naipinga hukumu hiyo kwa moyo wangu wote, na nina sababu.

Tazama ikwalaiza yake. Low na High kila moja inapanda au kushuka kwa desibeli 20. Desibeli 20 ni mara kumi ya voltiji. Sauti za kati zinapanda au kushuka kwa 15, na kuna nobu ya kuchagua katikati iwe wapi, kuanzia hezi 200 hadi 5,000. Hiyo ni nguvu ya meza ya studio iliyowekwa ndani ya boksi la kukanyaga kwa mguu, tena kwenye nobu zilizopandana moja juu ya nyingine, ambazo mguso mdogo wa kidole unazisogeza mbali. Wengi wanaoifungua kwa mara ya kwanza wanapandisha Low, wanapandisha High, wanashusha sauti za kati mpaka chini na kufungua Dist yote. Chumbani, kwa sauti ndogo, mpangilio huo unasikika mkubwa. Masikio ya binadamu kwa sauti ndogo husikia besi na sauti kali za juu kwa udhaifu, kwa hiyo ukizipandisha unaona umefika peponi. Mazoezini, sauti ikiwa kubwa, besi inamezwa na mpiga besi, sauti za juu zinamezwa na matoazi, na sauti za kati, ambazo ndizo gitaa lenyewe, umezitupa kwa mkono wako. Ndipo watu wanapoilaumu pedali.

Iweke hivi, kisha uniambie. Dist isizidi robo ya safari yake. Bado kuna geini tele. Low ibaki katikati. High chini kidogo ya katikati. Mid Freq ipeleke karibu na hezi 700, kisha pandisha Middle polepole huku unapiga kodi moja ileile. Kuna mahali utasikia gitaa linajitokeza mbele, kama mtu aliyefungua mlango akaingia, simama hapo. Baada ya hapo zungusha Mid Freq kidogo kidogo kushoto na kulia, kwa sababu mahali sahihi panategemea pikapu na spika zako. Kwenye boksi langu panakuwa juu kidogo ya 600. Ukivuka kuelekea 3,000 ndiyo nyuki wanapoanza, na hapo ni kweli hapakaliki.

Jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko mipangilio: MT-2 ni priampu kamili, yaani ile hatua ya kwanza ya amplifaya inayokuza na kuchonga sauti kabla ya sehemu ya nguvu. Ina hatua zake za geini, ina uchongaji wa sauti kabla ya kukata na baada ya kukata. Ukiichomeka mbele ya amplifaya, inaingia kwenye priampu nyingine yenye besi, kati na trebo zake, na sauti inachongwa mara mbili. Kama amplifaya yako ina lupu ya efekti, yaani matundu ya Send na Return kati ya priampu na sehemu ya nguvu, chomoa waya wa mbele, toa waya kutoka kwenye pedali, uuchomeke kwenye tundu lililoandikwa Return. Sasa gitaa linaingia Metal Zone, Metal Zone inaingia moja kwa moja kwenye sehemu ya nguvu ya amplifaya, na priampu ya amplifaya imerukwa. Anza na Level chini kabisa, tafadhali, kwa sababu nobu za sauti za mbele huenda zisikusaidie tena. Nilipofanya hivyo mwenzangu wa gitaa la solo aliinama kuangalia sakafuni nimeweka nini, na alipoiona rangi yake akasimama akacheka kwa furaha. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, yenye ncha, na ya kikubwa. B ilikuwa inakatika vizuri kuliko kwenye RAT kwa mbali sana.

Kuna pia MT-2W ya mwaka 2018, toleo la Waza Craft, yenye sauti ya pili ya Custom iliyo wazi zaidi na kelele kidogo. Ni nzuri. Lakini ile ya kawaida, ikipewa lupu na ikwalaiza ya busara, haina haja ya kuonewa haya.

Niliyoichagua mimi ni ya nne. Revv ni kampuni ya Kanada inayotengeneza amplifaya, na G3, iliyotoka mwaka 2018, inabeba sauti ya chaneli ya zambarau ya amplifaya yao ya Generator 120. Pedali yenyewe ni ya zambarau vilevile. Nobu zake ni tano na hazihitaji somo: Volume, Gain, Bass, Mid, Treble. Kisha kuna swichi ndogo ya Aggression yenye hatua tatu: imezimwa, bluu na nyekundu.

Niliyoipendea ni mwisho wa noti. Piga uzi wa B, uzime kwa kiganja, kisha nyanyua mkono kabisa. Kwenye RAT kuna mkia, sauti inajikokota kabla ya kunyamaza. Kwenye G3 noti ina kichwa, ina mwili, halafu haipo. Nafasi kati ya noti mbili inabaki tupu, na metali ya haraka inaishi kwenye nafasi hizo. Mpiga dramu wetu, ambaye huwa hajali kabisa niko na pedali gani, ndiye aliyesema kwamba sasa anaisikia mikono yangu na anaweza kuifuata kwa pedali za besi-dramu. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Nobu ya Bass kwenye G3 inasikika kana kwamba inafanya kazi baada ya ukataji, kwa hiyo ukiiongeza unaongeza mwili bila kuongeza tope. Mid ndiyo nobu ninayoigusa zaidi. Ikiwa juu, pedali inakuwa ya zamani kidogo, inaimba, nzuri hata kwa solo. Ikiwa katikati inakuwa ya kisasa. Aggression nyekundu inaongeza geini na unene. Ninaiacha kwenye bluu, kwa kuwa nyekundu na nyuzi za B pamoja zinarudisha ule utope tuliokuwa tunaukimbia. Anayepiga kwenye E ya kawaida huenda akaipenda nyekundu kuliko mimi. Treble iangaliwe kwa makini: amplifaya safi zilizo na mng'ao mwingi zinaifanya sauti iwe kali masikioni, na kwenye yangu sijawahi kuvuka katikati.

Haina geti ya kelele ndani yake, yaani sehemu inayonyamazisha sauti usipopiga. Empress Heavy inayo, MXR Fullbore Metal inayo, na kama unajua hutaki kununua boksi la pili, hilo ni jambo la kulipima kabla hujaamua. Kwenye geini kubwa kiasi hiki kelele si hitilafu. Pedali inayokuza gitaa mara mamia inaukuza pia mvumo wa taa, wa transfoma, na wa pikapu zenyewe. Gitaa la pikapu za koili moja litavuma zaidi. Hambaka, ambayo Seth Lover wa Gibson aliibuni mwaka 1955, ilitengenezwa kwa ajili ya kuuondoa mvumo huo, na kwa kazi hii naiona ni lazima.

Geti nzuri ya nje ina matundu manne, kama Boss NS-2. Gitaa linaingia kwenye geti kwanza, geti inalipeleka kwenye distoshani kupitia Send, distoshani inarudi kwenye geti kupitia Return, kisha inatoka kwenda kwenye amplifaya. Kwa mpangilio huo geti inalisikiliza gitaa safi, na inajua hasa ni lini umeacha kupiga, ila inaikata sauti ya distoshani. Ukiiweka tu mwishoni mwa mstari inalazimika kukisia ndani ya kelele, na mara nyingi inakula mikia ya noti ulizozitaka. Adapta nayo usiidharau. Pedali hizi nyingi zinataka volti 9, hasi katikati. Kuzigawia zote waya mmoja wa matawi kunaleta mvumo ambao hakuna geti itakayouficha vizuri. Chanzo cha umeme chenye matundu yaliyotengwa kinaleta ukimya ambao utaushangilia.

Kwa aliye tayari na pedali isiyokaza chini, RAT kwa mfano, kabla ya kuiuza jaribu kuweka Tube Screamer, pedali ya Ibanez, mbele yake. Drive sifuri, Level juu, Tone katikati. Ibanez hawakuiunda kwa ajili ya metali, lakini sakiti yake hupunguza kwa upole kila kilicho chini ya hezi 720 na kusukuma sauti za kati. Kwa maneno mengine inafanya ile kazi ya mlangoni ambayo RAT haiifanyi. Nimeisikia RAT ikigeuka kabisa kwa njia hiyo: ukungu ukabaki, noti zikatengana. Mbele ya G3 sioni faida yake, kwa sababu G3 imekwisha jikaza yenyewe, na ukiongeza kukaza juu ya kukaza gitaa linakonda.

Nirudi kidogo kwenye besi, kwa sababu hapa bendi nyingi zinaumia. Kuna jioni magitaa yetu yote mawili yalikuwa yamepandisha besi kwenye amplifaya, kila mmoja akiitafuta sauti kubwa, na mpiga besi akaacha kupiga katikati ya wimbo akauliza kama amplifaya yake imezimika. Haikuzimika. Tulishusha besi zetu, tukapandisha sauti za kati, na bendi nzima ikawa nzito zaidi. Uzito anaousikia msikilizaji kwenye gitaa la metali sehemu kubwa ni gitaa la besi linalotembea nalo noti kwa noti, kwa hiyo mwachie mwenzako chumba chake, hasa chini ya hezi 100.

Ukienda kujaribu pedali, nenda na gitaa lako, likiwa limetuniwa unavyotuni nyumbani. Gitaa la dukani lenye E ya kawaida halitakuambia lolote kuhusu B. Omba amplifaya safi na boksi halisi. Ukipiga kupitia kompyuta bila programu ya kuiga boksi la spika, usiihukumu pedali yoyote. Spika ya gitaa hupoteza sauti kwa kasi juu ya hezi 5,000, na bila kichujio hicho kila distoshani duniani inasikika kama redio iliyopasuka. Anza na Gain chini ya nusu. Zima uzi mnene kwa kiganja, piga haraka, simama ghafla, sikiliza mkia. Kisha piga kodi pana ya nyuzi nne au tano na usikilize kama bado unazitambua noti zake. Mwisho shusha volume ya gitaa hadi nusu, uone kama pedali inasafika au inakufa. Mwenye duka akikuambia hiyo ni pedali ya sauti ya bendi fulani maarufu, mshukuru, halafu uzungushe nobu zote mpaka ile sauti ya bendi hiyo ipotee, usikie kinachobaki.

Kwa anayetaka pedali moja tu na ana amplifaya safi isiyo na lupu ya efekti, namwelekeza G3 bila kusita. Mwenye lupu na mwenye subira ya kuichezea ikwalaiza, Metal Zone ya kawaida itamtosha miaka mingi, na masalio ya bajeti ayapeleke kwenye geti na kwenye chanzo cha umeme kilichotengwa. RAT ni ya polepole, HM-2 ni ya anayeota Stockholm. Yangu iko hivi sasa: Gain chini kidogo ya nusu, Bass nusu, Mid imepita nusu kidogo, Treble chini ya nusu, Aggression kwenye bluu, na nimezibandika nobu alama ndogo za rangi nyeupe ili zikisogea ndani ya mkoba nizirudishe mahali pake bila kubahatisha.